Swali la Kijana wa Dawati la Nyuma

Ndugu msomaji, nilifundisha somo la Historia katika shule za sekondari kwa miaka mingi, na leo nikiwa mstaafu napenda kukiri jambo moja ambalo sikuwahi kulikiri mbele ya wakaguzi. Miaka yangu ya mwanzo nilifundisha vibaya. Niliingia darasani na daftari la maandalio, nikageukia ubao, nikaandika hadi vumbi la chaki likanijaa nywele, na wanafunzi wakanakili. Sababu za Vita vya Maji Maji: sita. Matokeo ya Vita vya Maji Maji: matano. Aliyekariri yote alifaulu, aliyesahau mbili alipata wastani. Hivyo ndivyo nilivyofundishwa mimi, na hivyo ndivyo nilivyofundisha.

Mwaka 1986 nilikuwa nikifundisha mkoani Ruvuma, katika shule iliyokuwa mwendo wa saa mbili kwa miguu kutoka Songea mjini. Siku moja, baada ya kumaliza kuandika matokeo yangu matano, binti mmoja alinyoosha mkono akaniuliza, "Mwalimu, Songea hii ya kitabuni ndiyo Songea yetu hii?" Wenzake walicheka, lakini mimi sikucheka. Binti yule alizaliwa pale, alipita karibu na kaburi la pamoja la mashujaa kila alipokwenda sokoni, na bado somo langu lilikuwa limemfanya adhani kwamba historia ni mambo ya nchi nyingine. Isitoshe, somo lenyewe lilifundishwa kwa Kiingereza, lugha ambayo hakuna bibi wala babu wa kijiji kile aliyeitumia kulia wala kuomboleza.

Tangu siku hiyo nilianza kutafuta njia nyingine. Shule yetu haikuwa na picha wala ramani za maana, kwa hiyo nilitumia vilivyokuwepo. Nilichukua kamba ndefu ya katani, nikafunga fundo moja kwa kila mwaka kuanzia 1890 hadi mwaka ule wetu, nikawaambia wanafunzi waishike wakiwa wamesimama uwanjani. Fundo la 1905 lilishikwa na kijana mmoja, fundo la Uhuru wa 1961 likashikwa na mwingine. Kisha nikamwomba kila mmoja aende asimame penye fundo la mwaka aliozaliwa bibi yake au babu yake, japo kwa kukisia. Wengi walijikuta wamesongamana hatua chache tu kutoka 1905. Walinyamaza. Walikuwa wameona kwa macho yao kwamba vita ile haikuwa mbali.

Halafu niliwapa habari mbili zinazogongana. Upande mmoja niliandika jinsi serikali ya Wajerumani, chini ya Gavana Gustav Adolf von Götzen, ilivyopenda kuieleza vita ile: ushirikina wa waganga na wakuu wachache wenye hila. Upande wa pili niliandika yale yaliyosemwa na wazee wenyewe kuhusu mashamba ya pamba ya kulazimishwa, viboko vya maakida na kodi. Hayo niliyatoa katika kijitabu kilichohaririwa na Gwassa na Iliffe mwaka 1968, na katika habari za ule utafiti wa 1968 na 1969, ambapo wanafunzi wa Chuo Kikuu cha Dar es Salaam walikwenda vijijini kuwahoji wazee walioyaona au kuyasikia mambo yale. Nikawauliza darasani: Kila mmoja wa hawa anataka tuamini nini, na kwa nini? Swali hilo moja lilifanya kazi kuliko sababu zangu sita.

Mwishowe nikatoa zoezi kubwa. Kila mwanafunzi aende nyumbani wakati wa likizo fupi, amhoji mzee mmoja kuhusu vita ile au njaa iliyofuata, aandike kwa Kiswahili au kwa lugha ya nyumbani, kisha asome mbele ya wenzake. Walirudi na hazina. Mmoja aliambiwa jinsi watu walivyochimba mizizi ya porini. Mwingine aliambiwa juu ya maji ya dawa yaliyoanzia kwa Kinjikitile Ngwale kule Ngarambe, ambayo watu waliamini yangegeuza risasi kuwa maji. Binti yule wa swali la Songea alileta habari ya ghala la ukoo wao lililochomwa moto na wanajeshi, na ndugu wanne wa bibi mzaa bibi yake waliokufa kwa njaa.

Kijana mmoja wa dawati la nyuma alileta karatasi tupu. Nilimkaripia mbele ya wenzake. Kipindi kilipoisha alibaki, akasimama karibu na meza yangu akiitazama sakafu. "Mwalimu, nilimwuliza babu," alisema. "Amesema baba yake alikuwa upande wa Wajerumani. Alipewa bunduki, akaenda nao kuchoma maghala. Wakati wengine wanakufa na njaa, wao walikula. Nisome hayo?"

Hapa ndipo nilipokosea. Nilikuwa na haraka, na ndani yangu niliogopa. Nilimwambia, "Hapana. Nenda kwa jirani, utafute habari nyingine." Akaenda. Alirudi na kisa kizuri cha shujaa wa jirani, akakisoma, akapigiwa makofi, nami nikampa alama nyingi. Lakini tangu siku ile hakunyoosha mkono tena. Nilipomtazama alikuwa akitazama dirishani.

Usiku mmoja nikiandaa somo nilikutana tena na hesabu niliyokuwa nimeipita mara nyingi bila kuitafakari. Upande wa Wajerumani katika vita ile walikufa Wazungu 15, na Waafrika 389, yaani askari 73 na wasaidizi 316. Nilikaa kimya mbele ya taa ya chemli. Kwa miaka yote nilikuwa nimefundisha kwamba Wajerumani walituua, na ni kweli, kwani wao wenyewe walikadiria kuwa watu 75,000 walikufa, na Gwassa alikadiria kuwa waliokufa, wengi wao kwa njaa, walifika 250,000 hadi 300,000. Lakini sikuwahi kuwaambia wanafunzi kwamba jeshi lile lilikuwa limejaa watu weusi, na kwamba mahali pengine, kama Uhehe, watu walipigana upande wa serikali ile miaka michache tu baada ya Mkwawa kufa mwaka 1898. Watu hao walikuwa na watoto, na watoto hao wakazaa. Mmoja wa wajukuu zao alikuwa ameketi katika darasa langu, nami nilimfundisha kusema uongo katika somo la Historia.

Jumamosi iliyofuata nilichukua kilo moja ya sukari nikaenda kwa babu yake. Mzee alinipokea vizuri, akanikaribisha kwenye kigoda. Nilimwamkia, nikaeleza shida yangu, nikamwomba radhi. Alinyamaza muda mrefu akisokota tumbaku yake. Kisha akasema, "Mwalimu, baba hakuwa Mngoni. Walichukuliwa mateka utotoni, wakakulia utumwani kwa Wangoni. Mjerumani alipokuja, yeye aliona ni mtu wa kumtoa pale. Baadaye alijuta. Mimi alinizaa uzeeni, na hakuwahi kula ugali bila kuacha kidogo kwenye sahani. Tulidhani ni adabu." Nikamwuliza kama naruhusiwa kuyasema darasani. Akajibu, "Mwulize mjukuu wangu. Jina ni lake sasa."

Nilimwuliza. Alikataa, nami sikumshurutisha. Ila katika kipindi kilichofuata niliandika ubaoni swali moja tu: Kwa nini mtu wa hapa alikwenda na Wajerumani? Mwanzo walisema kwa sauti moja: msaliti, mwenye tamaa. Nikawataka watafute sababu nyingine. Mmoja akasema huenda alilazimishwa. Mwingine akasema mshahara. Mwingine akakumbuka kuwa kabla ya Wajerumani kuja, Wangoni nao waliwavamia majirani na kuwachukua mateka. Mjadala ulipokuwa umepamba moto, kijana wa dawati la nyuma alisimama bila kuitwa, akasema, "Baba wa babu yangu alikwenda." Akaeleza yote, pamoja na maghala.

Darasa lilikuwa kimya. Binti yule wa ghala lililochomwa aligeuka akamwuliza, "Ghala lipi?" Kijana akasema hajui. Binti akakaa. Sitakudanganya, ndugu msomaji, kwamba walishikana mikono. Kwa wiki kadhaa hawakusemezana. Lakini tulipokwenda mjini kwa miguu, siku ya kumbukumbu ya tarehe 27 Februari, siku ambayo mwaka 1906 Wajerumani waliwanyonga viongozi zaidi ya 60 wa Kingoni, niliwaona wote wawili wamesimama penye kaburi lile, yeye upande huu na yeye upande ule, wakisoma majina. Njiani kurudi kijana alinyoosha mkono, huku tunatembea, akaniuliza swali. Nilifurahi kiasi kwamba nilisahau kumwambia kuwa barabarani hakuna haja ya kunyoosha mkono.

Mwezi Novemba 2023 nilisikia redioni kwamba Rais wa Ujerumani, Frank-Walter Steinmeier, amefika Songea, amesimama mahali pale na kuomba msamaha, na kwamba amekutana na wajukuu wa Nduna Songea Mbano wanaotafuta fuvu la babu yao. Nilifurahi. Lakini fikra zangu zilirudi kwa yule kijana. Kuomba radhi kwa niaba ya taifa ni jambo kubwa, na lina itifaki yake na magari yake. Kijana wa miaka 15 alisimama peke yake mbele ya wenzake 40 akasema yaliyofanywa na damu yake, na mwalimu wake ndiye aliyekuwa amemzuia kwanza.

Walimu vijana huniuliza siku hizi ni zana gani zinafaa kuwachangamsha wanafunzi wa Historia. Nawaambia watafute kamba, wawape watoto habari mbili zinazopingana, wawatume kwa wazee kabla wazee hawajaisha. Haya yote hayagharimu kitu. Kisha nawaonya kwamba wakimtuma mtoto kuuliza, wajiandae kupokea atakacholeta, hata kama hakimo katika mtihani, hata kama kinauma. Mimi nilimtuma, kisha nikamfungia mlango. Namshukuru kwamba aliubisha mara ya pili.