Fedha Hizi ni za Nani? Jina kama Siri katika Hesabu za Serikali

Tumezoea kuizungumzia siri ya Serikali kana kwamba ni kabati lenye kufuli: mikataba imo ndani, wananchi wako nje, kinachotafutwa ni ufunguo. Ndiyo maana madai yetu ya miaka mingi yamekuwa ya karatasi. Mkataba uwekwe hadharani, ripoti isomwe, tarakimu zitolewe. Sina ugomvi na madai hayo. Hoja yangu ni kwamba katika kashfa kubwa za fedha zilizoitikisa Tanzania, siri yenye nguvu kuliko zote haikukaa kabatini. Ilikaa kwenye jina. Fedha ziliitwa za mtu mwingine, na zikishaitwa hivyo, hata karatasi zote zianikwe barazani, hakuna anayelazimika kujibu.

Sakata la akaunti ya Tegeta Escrow linaonyesha hili waziwazi. Kwa mkataba wa mwaka 1995, TANESCO, shirika la umeme la umma, ilitakiwa kuilipa kampuni binafsi ya kufua umeme ya IPTL kwa kuwa na mtambo wa megawati 100 pale Tegeta, umeme uzalishwe au usizalishwe. TANESCO ilipolalamika kwamba inatozwa kupita kiasi, mwaka 2006 ikafunguliwa akaunti Benki Kuu, fedha zinazogombaniwa zikae humo hadi ijulikane nani anastahili nini. Mwishoni mwa 2013 zikatolewa. Mbunge David Kafulila akalifikisha jambo bungeni, Mkaguzi Mkuu wa Hesabu za Serikali (CAG) akakagua, na Novemba 2014 Kamati ya Bunge ya Hesabu za Serikali (PAC), mwenyekiti wake akiwa Zitto Kabwe, ikasoma taarifa yake. Kiasi kilichokuwa kikitajwa ni shilingi bilioni 306.

Anayerejea mjadala ule ataona jambo la ajabu kidogo. Swali la fedha zimekwenda wapi halikuwa gumu sana. Majina ya benki na ya waliopokea yalisomwa bungeni mchana kweupe. Kilichowatoa watu jasho ni swali jingine: zilikuwa za nani? Kamati ilisema umma ulikuwa na sehemu yake humo, kuanzia kodi hadi kile TANESCO ilichotozwa zaidi. Serikali ilisema ni za IPTL, na Rais Kikwete akalirudia hilo katika hotuba yake ya Desemba. Mwanasheria Mkuu Werema akajiuzulu, Waziri Tibaijuka akatenguliwa, Waziri Muhongo akaachia ngazi Januari 2015. Watu waliondoka, swali likabaki pale pale.

Hapakuwa na jipya. Kabla ya hapo, katika kashfa ya akaunti ya madeni ya nje, EPA, zaidi ya shilingi bilioni 133 zilitoka Benki Kuu mwaka wa fedha 2005/06 kwenda kwa makampuni 22, na hoja ileile ikasikika: hizo ni za wadai wa nje, si za Serikali. Hata ule mjadala wa mwaka 2018 wa shilingi trilioni 1.5 zilizosemekana hazionekani zilikotumika ulijibiwa kwa majina: hatifungani zilizoiva, mapato tarajiwa, makusanyo ya Zanzibar. Huenda majibu hayo ni sahihi kihasibu. Lakini mwananchi asiye mhasibu alitoka pale akiwa na msamiati mpya, basi.

Katiba yenyewe imeacha mwanya. Ibara ya 135 inaelekeza fedha za Serikali ziingie Mfuko Mkuu wa Hazina, kisha inataja zisizoingia humo. Sheria ya Haki ya Kupata Taarifa ya mwaka 2016 nayo inaruhusu ombi kukataliwa kwa kulinda maslahi ya kibiashara. Ukiunganisha hizi mbili, afisa masuuli hana haja ya kuficha kitu. Anachohitaji ni kukiita kitu hicho cha kibiashara.

Kijijini ujanja huu haupiti kirahisi. Niliwahi kuketi kwenye mkutano mkuu wa kijiji, mtendaji akisoma mapato na matumizi kwenye daftari la kaunta. Bibi mmoja akauliza habari ya mifuko ishirini ya saruji iliyoletwa na mfadhili kwa ajili ya darasa. Mtendaji akajibu kwamba ule ni msaada, haumo kwenye hesabu za kijiji. Bibi hakubishana juu ya neno msaada. “Mwanangu,” alisema, “ikipungua, ukuta atamalizia nani?” Vijana wawili wakatumwa stoo kuhesabu. Ilikuwa kumi na saba.

Swali la bibi ndilo kipimo ambacho sheria zetu zimekikosa. Fedha kuwa za umma kusipimwe kwa jina la akaunti, kupimwe kwa kuuliza nani ataziba pengo zikipotea. Najua mwanasheria atapinga: kwa kipimo hicho kila amana ya mfanyabiashara benki itageuka mali ya umma. Haitageuka. Amana yake ikiliwa, pengo ni lake na la benki yake. Lakini zilizokaa Escrow zilitoka TANESCO, na pengo la TANESCO huzibwa na ruzuku ya Hazina au na mama muuza chipsi anayenunua umeme wa LUKU wa elfu mbili jioni. Kwa hiyo mzigo wa kuthibitisha uhamie kwa anayesema fedha si za umma, athibitishe kabla hazijatoka. Na CAG asisubiri kuombwa na Bunge ndipo afungue akaunti ya namna hiyo.

Juni 2021, katika Mahakama ya Kisutu, mmiliki wa PAP, kampuni iliyojitambulisha kuwa mnunuzi wa IPTL, alikiri kujipatia fedha kutoka Benki Kuu kwa udanganyifu, akaamriwa kuilipa Serikali fidia ya zaidi ya shilingi bilioni 26. Kama hazikuwa za umma, Serikali ilifidiwa kitu gani?