Amarwa: Kutoka Uani Hadi Kilabuni

Pombe katika Ekegusii huitwa amarwa, na jina hili si la Wagusii peke yao: Wakuria wanalo, na ng'ambo ya ziwa Wahaya na Wanyankole pia. Ngeli yake ni ileile ya maji na maziwa katika Kiswahili. Hapana shaka, basi, kwamba neno hili ni kongwe kuliko mji wa Kisii, ambao ulianza kama kituo cha utawala wa Kiingereza mwaka 1907.

Punje za wimbi huloweshwa zikamea, zikaanikwa na kusagwa kuwa kimea. Unga uliovundikwa hukaangwa, kisha huchanganywa na maji na kile kimea. Wazee waliizunguka nyungu moja, kila mmoja na mrija wake mrefu. Mpishi alikuwa mwanamke, jambo ambalo wataalamu wengi hulitaja kwa haraka mno. Pombe yake ndiyo iliyowalipa watu wa risaga, yaani ujima wa shambani.

Fedha ilipoingia, malipo hayo yaligeuka biashara, na uani ukawa kilabu. Kutokana na pombe ya namna hiyo ikakenekwa chang'aa, iliyopigwa marufuku kwa sheria ya 1980. Sheria ya 2010 iliiruhusu, lakini kwa leseni, na katika chombo kisichopungua mililita 250. Mama wa Nyamira mwenye pipa lake uani, asiye na leseni wala chupa, alibaki mhalifu vilevile.