Siku za mwisho, na mgonjwa wa Frankfurt (Sehemu ya 3)

Ndugu zangu, nimetoka zamu ya usiku, chai iko mezani, tuendelee tulipoishia. Juzi tulikuwa na Hegel, yule Mjerumani aliyefundisha kwamba historia ni safari moja yenye akili ndani yake, na kifo cha mtu mmoja kinapata maana humo.

Leo ni zamu ya Franz Rosenzweig, Myahudi mzaliwa wa Kassel, 1886. Huyu alimsoma Hegel mpaka akamwandikia kitabu kizima. Halafu ikaja Vita Kuu ya Kwanza. Mwaka 1918, akiwa askari huko Balkani, akaanza kuandika kitabu kingine kwenye postikadi, anamtumia mama yake nyumbani. Kilitoka 1921: Nyota ya Ukombozi. Kinaanzia kwa mtu mmoja anayeogopa kufa. Hebu mwambie aliye kwenye handaki kwamba historia inasonga mbele, uone kama atapoa!

Sasa ukombozi uko wapi? Mwalimu wake Hermann Cohen, mfuasi wa Kant, alisema zama za Masihi ni kazi ya binadamu wote: tunazikaribia daima, hatufiki. Jibu zuri. Lakini mgonjwa akikuuliza "lini?", utamwambia nini? Rosenzweig alijibu kwa kalenda. Kila Sabato, meza ikiandaliwa, Wayahudi wanaonja leo kile kinachongojwa mwisho.

Mwaka 1922 akapatikana na ugonjwa wa neva zinazoendesha misuli. Wenzangu wa wodini mnaujua: mwili unazimika kidogo kidogo, akili iko macho. Mikono ikagoma, sauti ikapotea. Madaktari hawakumpa muda mrefu, kumbe akaishi hadi Desemba 1929. Mkewe Edith alifuata ishara zake, herufi moja moja, mpaka sentensi itimie. Hivyo hivyo akaendelea na Martin Buber kuitafsiri Biblia ya Kiebrania kwa Kijerumani.

Ila nisikufiche. Aliwaona Wayahudi kama watu waliokwisha kukaa kando ya vurugu za historia. Mwaka 1933 Hitler akashika madaraka, na historia ikawafuata mpaka mezani, Sabato ile ile. Kwa hiyo swali la Cohen, la haki kwa wote, halikufa.

Mimi nabaki na yote mawili: haki ya kupigania, na leo ya kuishi. Wewe je, yule anayeuliza "lini?" unamjibuje? Sehemu ya 4 tutamfuata Walter Benjamin, aliyewakimbia Wanazi.