Sukari na Mawazo: Hoja ya Kutibu Yote Mawili Kakamega

Katika kliniki nyingi za kisukari nchini Kenya, mazungumzo huanzia na kuishia kwenye tarakimu. Kidole kinachomwa, tone la damu linaguswa na kipimo, namba inaandikwa daftarini. Ikiwa juu, mgonjwa anajua swali linalofuata: "Umekula nini?" Makala haya yanatetea hoja kwamba swali hilo, likiulizwa peke yake, huidhoofisha tiba yenyewe. Katika kaunti kama Kakamega, afya ya akili ya anayeishi na kisukari inafaa kushughulikiwa na muuguzi yuleyule anayempima sukari, katika chumba kilekile na siku ileile.

Kuhusisha huzuni na kisukari si jambo la juzi. Katika karne ya 17, tabibu Mwingereza Thomas Willis alitaja majonzi ya muda mrefu kuwa chanzo cha ugonjwa huu. Mwaka 2001, Anderson na wenzake walichambua tafiti nyingi kwa pamoja na kuonyesha kwamba uwezekano wa kupata sonona kwa mwenye kisukari ni karibu maradufu ya asiye nacho. Athari huenda pande zote mbili. Mtu akiwa na wasiwasi, mwili hutoa adrenalini na kotisoli, homoni zinazolifanya ini limwage sukari kwenye damu. Aliyezama katika sonona naye huruka dawa, huacha kutembea na hukosa siku ya kliniki. Sukari inapanda, uchovu unaongezeka, moyo unazidi kuvunjika.

Wengi huangukiwa na mzigo huu bila onyo. Utafiti wa kitaifa wa mwaka 2015 kuhusu vihatarishi vya magonjwa yasiyoambukiza ulionyesha kwamba takriban asilimia 88 ya watu wazima hawakuwa wamewahi kupimwa sukari. Kati ya waliokuwa na kisukari, chini ya nusu ndio waliojua hali yao. Wako basi wanaoujua ugonjwa siku kidonda cha mguu kinapokataa kupona au macho yanapofifia. Mtu wa namna hiyo hupokea habari mbili kwa mpigo: kwamba ana ugonjwa wa maisha, na kwamba umekwisha kumdhuru.

Kisha hupewa ushauri wa lishe na kurudi nyumbani, mahali ambapo chakula ni heshima. Nyumba nyingi za Kakamega hupika chai kwa maziwa na sukari pamoja, ikafika kwa mgeni imekwisha kolezwa. Matangani hakuna sufuria ya wagonjwa. Anayesukuma kikombe kando huulizwa kulikoni, na anayemega ugali kidogo kwa mama mkwe huonekana ana maringo. Mrenda, saga na ugali wa wimbi vyote vinapatikana sokoni, na ni vyakula vya nyumbani kabisa. Linalomshinda mgonjwa mara nyingi ni kujieleza kila siku, mbele ya kila mtu.

Ndiyo maana wapo wanaojinyima chakula siku mbili kabla ya kliniki ili namba iwe nzuri. Kipimo cha HbA1c, kinachoonyesha wastani wa sukari kwa miezi miwili au mitatu, huwaumbua. Muuguzi anaweza kuona udanganyifu hapo. Tafsiri ya haki zaidi ni kwamba mgonjwa anaogopa kukaripiwa.

Hofu hiyo si lazima iwe sonona. Tangu mwaka 1995, William Polonsky na wenzake walipotunga dodoso la kupima kero za kuishi na kisukari, watafiti wametenganisha dhiki inayotokana na kuusimamia ugonjwa na sonona yenyewe. Tofauti hiyo ina uzito katika tiba. Mwenye dhiki husaidika mzigo unapopunguzwa: ratiba ya dawa iliyorahisishwa, familia iliyoelimishwa, kikundi cha wenzake. Mwenye sonona huhitaji tiba ya mazungumzo, na pengine dawa. Kuna pia hofu ya sukari kushuka. Jasho, kutetemeka na moyo kwenda mbio hufanana na kiwewe, na aliyewahi kuzirai huweza kupunguza insulini kimyakimya ili yasimpate tena.

Wapo watakaosema wauguzi wamelemewa tayari. Ni kweli, lakini mfano wa kufuata uko karibu. Huduma za VVU magharibi mwa Kenya zilijengwa pamoja na washauri nasaha na vikundi vya wagonjwa, kwa kutambua kwamba dawa haimezwi na mtu aliyekata tamaa. Dodoso la maswali tisa la kupima sonona, PHQ-9, pamoja na toleo lake la maswali mawili, lilipimwa kwa watu wanaoishi na VVU katika eneo hilo, na matokeo kuchapishwa mwaka 2009. Kwa kisukari, maswali mawili ndiyo mwanzo bora: moja kuhusu kukosa hamu, moja kuhusu huzuni. Yale ya uchovu na usingizi huweza kupotosha, kwa kuwa sukari ikiwa juu humchosha mtu na kumwamsha usiku kwenda haja ndogo.

Vijijini, wahudumu wa afya ya jamii walianza kukabidhiwa mikoba yenye vipima sukari mwaka 2023. Nchini Zimbabwe, mpango wa Friendship Bench wa Dixon Chibanda umeonyesha, katika jaribio lililochapishwa mwaka 2016, kwamba wahudumu wasio madaktari wakifunzwa vyema hupunguza dalili za sonona. Katiba ya mwaka 2010 imeziachia kaunti hospitali na zahanati zake, hivyo uamuzi hauhitaji kusubiri Nairobi. Kakamega inaweza kuanza na safu moja ya ziada katika rejista ya kisukari, kando ya ile ya sukari, kwa majibu ya maswali hayo mawili. Safu hiyo iambatane na bajeti ya washauri nasaha wanaofika hadi vituo vya Lugari na Khwisero, la sivyo muuguzi atakayeigundua sonona hatakuwa na pa kumpeleka mgonjwa.