Umri au darasa? Kipimo cha kumruhusu kijana kuingia uwanjani

MASHINDANO ya vijana husimama juu ya swali moja: ni nani mwenye haki ya kucheza? Katika viwanja vya Kisiwa cha Mombasa, kuanzia Serani hadi Tononoka na Makadara, swali hilo huzuka kila msimu unapokaribia. Kwa kijana anayehusika, jibu laweza kuwa mwanzo wa safari yake ya michezo au mwisho wake.

Vipimo vinavyotumika ulimwenguni ni viwili. Cha kwanza ni umri, unaohesabiwa hadi tarehe maalumu iliyowekwa na waandaaji. Cha pili ni darasa analosoma mchezaji. Kila kimoja kina manufaa yake na kila kimoja kina mwanya wake.

Mfano wa besiboli

Mjadala huu umepamba moto nchini Marekani katika besiboli ya timu za kusafiri, yaani timu za watoto zisizo za shule, ambazo wazazi huzigharimia ili zizunguke kushindana mbali na nyumbani. Mashindano mengi ya aina hiyo huhesabu umri hadi Mei 1. Shirika la Little League, ambalo ndilo maarufu zaidi kwa besiboli ya watoto, hutumia Agosti 31. Hivyo basi, mtoto aliyezaliwa mwezi Juni aweza kuwa wa miaka 11 katika shindano moja na wa miaka 12 katika jingine, mwaka ule ule.

Baadhi ya waandaaji hulegeza kamba kwa kutazama darasa: kijana aliyepita tarehe hiyo kwa miezi michache huruhusiwa kubaki na wanafunzi wenzake. Aidha, kwa vijana wa sekondari, vyuo vikuu huwasaka wachezaji kwa kuzingatia mwaka watakaohitimu, si mwaka waliozaliwa. Matokeo yake ni kwamba wapo wazazi wanaomrudisha mtoto darasa moja nyuma kwa makusudi, ili awazidi wenzake kimo na nguvu.

Kipimo cha umri nacho kimewahi kuchezewa. Mwaka 2001, Danny Almonte wa timu moja ya Bronx, New York, aliwashangaza watazamaji wa fainali za dunia za Little League kwa urushaji wake wa mpira. Baadaye ilibainika kuwa alizaliwa mwaka 1987, wala si 1989 kama ilivyodaiwa. Alikuwa na miaka 14 katika shindano la watoto wasiozidi miaka 12. Ushindi wote wa timu yake ulifutwa.

Afrika Mashariki nayo ina kisa chake. Mwaka 2011 timu ya watoto kutoka Kampala ilifuzu kwa fainali hizo, lakini ikanyimwa viza za Marekani kwa sababu ya kasoro katika stakabadhi za umri wa baadhi ya wachezaji. Nafasi yake ilichukuliwa na timu kutoka Saudi Arabia. Mwaka uliofuata, timu ya Lugazi, pia ya Uganda, ilifika Williamsport na kuwa ya kwanza kutoka Afrika kushiriki fainali hizo.

Hali ya Kenya

Katika michezo ya shule za sekondari nchini, inayosimamiwa na chama cha KSSSA, vipimo vyote viwili hutumika: mchezaji sharti awe mwanafunzi halisi wa shule anayoiwakilisha, na sharti asiwe amevuka kikomo cha umri. Shirikisho la michezo ya shule za Afrika Mashariki, FEASSSA, hufuata msingi huo huo.

Sababu ya kutotegemea darasa peke yake ni wazi. Elimu ya msingi bila malipo ilipoanza mwaka 2003, watu wa umri mbalimbali waliingia madarasani. Mwaka 2004 Kimani Maruge alijiunga na darasa la kwanza mjini Eldoret akiwa na miaka 84. Hakuna aliyemnyima haki ya kusoma, lakini hakuna pia ambaye angempanga kukimbia na watoto wa miaka saba.

Yapo mambo mengine yanayotenganisha umri na darasa. Sheria ya Elimu ya Msingi ya mwaka 2013 hairuhusu shule kumkaririsha mwanafunzi darasa, ila wapo wanaorudia kwa kuhama shule au kwa kukatiza masomo kwa kukosa karo. Katika Mji wa Kale, ambako mtoto hupelekwa chuoni kusoma Kurani tangu akiwa mdogo, si ajabu kumpata aliyechelewa kuanza shule. Kisha lilikuja janga la Korona: shule zilifungwa Machi 2020, na wanafunzi wengi hawakurejea hadi Januari 2021. Masomo yalisimama, lakini siku za kuzaliwa hazikusimama.

Utata wa cheti

Tatizo kubwa zaidi ni ushahidi. Sheria ya usajili wa vizazi na vifo inataka kuzaliwa kwa mtoto kuandikishwe ndani ya miezi sita. Baada ya hapo usajili huhesabiwa kuwa wa kuchelewa na huhitaji idhini maalumu. Mzazi anayekwenda kuandikisha mtoto wa miaka kumi huenda akategemea kumbukumbu tu, na tarehe ikakosewa bila nia mbaya.

Kwa familia nyingine, cheti chenyewe kilikuwa ndoto. Jamii ya Wapemba, ambao wengi wao ni wavuvi wa Pwani, ilitambuliwa rasmi kuwa ya Kenya mwaka 2023 tu. Kabla ya hapo, kupata stakabadhi kulikuwa kazi ngumu kwao. Kijana wa familia kama hiyo angeweza kuwa na umri unaofaa kabisa na bado akafungiwa nje ya uwanja.

Hata hivyo, njia ya mwongo ni fupi. Mwaka 2018 timu ya Zanzibar ya chini ya miaka 17 iliondolewa katika mashindano ya CECAFA nchini Burundi kwa kuleta wachezaji waliozidi umri. Mwaka mmoja kabla, Tanzania ilipata nafasi ya kucheza fainali za Afrika za umri huo huko Gabon baada ya Congo-Brazzaville kushindwa kumwasilisha mchezaji wake kwa uchunguzi.

Uchunguzi huo ni picha ya MRI ya kifundo cha mkono, ambayo FIFA ilianza kuitumia katika Kombe la Dunia la chini ya miaka 17 nchini Nigeria mwaka 2009. Mfupa ulio karibu na kifundo ukionekana umeungana kabisa, ni nadra sana mvulana huyo kuwa hajavuka miaka 17. Ila kipimo hicho hakitaji tarehe ya kuzaliwa, na hakitumiki kwa wasichana kwa kuwa mifupa yao hukomaa mapema zaidi.

La kufanya

Mzazi wa Kibokoni au Kuze aanze na cheti cha kuzaliwa mapema, na ahakikishe jina na tarehe vinalingana na kadi ya kliniki na rekodi za shule. Penye kosa, arekebishe katika ofisi ya msajili kabla ya msimu kuanza. Kughushi cheti ni kosa la jinai. Kocha naye asome kanuni za kila shindano, hasa tarehe ya kuhesabia umri, kwani hutofautiana.

Waandaaji nao wana wajibu. Darasa huthibitisha kwamba kijana ni mwanafunzi. Umri humkinga mtoto wa miaka 13 asigongane na mtu mzima. Anayezuiwa kwa kukosa karatasi apewe muda wa kujieleza na kuleta ushahidi mwingine, maana kukosa cheti si sawa na kudanganya.