Kuchoma na Kuteketeza: Moto wa Nyasi katika Nchi ya Mara

Kiswahili hakikuridhika na neno moja kwa kazi ya moto. Kuni huwaka, mkono huungua, nyumba huteketea, nyama huchomwa. Na kila neno lina mpaka wake. Kuungua ni kupatwa na moto. Kuteketea ni kuungua hata kisibaki kitu. Lakini kuchoma hakuwi pasipo kichomacho, na mara nyingi huyo ni mtu mwenye nia yake.

Neno hili lina ajabu nyingine. Kamusi ya Johnson iliyotolewa mwaka 1939 yaweka chini yake maana mbili, kudunga kwa kitu chenye ncha na kuunguza kwa moto. Mwiba huchoma, na jua huchoma. Basi mtu asemapo, "Maneno yale yamenichoma," je, asema habari ya mwiba au ya moto? Labda yote mawili: maneno huingia upesi kama mwiba, kisha hukaa kama jeraha la moto. Vivyo hivyo mwenye hasira huwaka, na mali iliyopotea yote vitani imeteketea.

Tofauti hizi si mchezo wa wanafunzi wa lugha tu. Zatusaidia kuisoma historia ya nchi ya Mara, toka Tarime ya Wakuria hata Serengeti ya Waikoma, Wanata, Waishenyi na Wangoreme. Huko watu walichoma nyasi wakati wa kiangazi. Walitaka majani mabichi kwa mifugo na kwa wanyama wa kuwinda. Tena walitaka vichaka vipungue, maana vichakani hukaa mbung'o.

Katika miaka ya 1890 sotoka iliua ng'ombe, na njaa na ndui zikaua watu. Waliosalia walikusanyika mahali pachache. Palipoachwa vichaka viliota, na mbung'o wakaenea. Nchi iliharibika, kwa sehemu, kwa kukosa wachomaji. Hata hivyo maofisa wengi wa utawala wa kikoloni waliuhesabu moto wa nyasi kuwa uharibifu: waliona kuteketeza, mahali wenyeji waliposema kuchoma. Wala si wote; huko Shinyanga, Swynnerton, mkuu wa utafiti wa mbung'o, aliyefariki mwaka 1938, aliupanga moto huo uwe silaha.

Hifadhi ya Serengeti ilianzishwa mwaka 1951, na mipaka yake ikabadilishwa mwaka 1959. Ndani yake mwenyeji hakuruhusiwa tena kuchoma. Sotoka ilipokwisha kwa nyumbu, karibu na mwaka 1963, wanyama hao waliongezeka kutoka kama 250,000 hata zaidi ya 1,000,000 kabla ya mwaka 1980. Walikula nyasi ambazo zingeungua. Moto ukapungua, na miti michanga ikakua. Siku hizi watunzaji wa hifadhi wenyewe huchoma nyasi mapema, kiangazi kinapoanza, ili moto mkali wa baadaye usienee.

Kitendo, basi, hakikufa. Kilichobadilika ni mkono ushikao kijinga cha moto. Kwa hiyo mwandishi wa historia ya Mara, kabla hajaandika kwamba watu waliteketeza nchi, yampasa aulize kwanza ni nani aliyechoma, wakati gani, na kwa nini. Neno lisilo mahali pake liliwafanya wachungaji waitwe waharibifu. Na neno kama hilo nalo huchoma.