Kuuguza kwa Kalamu: Nafsi ya Mzazi katika Maandishi Kuhusu Mtoto Mgonjwa



Kiswahili kina kitenzi ambacho vitabu vyetu vya sarufi hukipitia kwa haraka. Kutokana na ugua tunapata uguza, yaani kumhudumia mgonjwa, na hili kila mtu analifahamu. Tunapata pia uguliwa. Mzazi anayesema "nimeuguliwa" ni mzima wa mwili, lakini ugonjwa wa mwanawe umemfika yeye. Umbo hili ni ndugu wa fiwa, ila aliyefiwa hupewa pole, matanga na watu wa kukaa naye. Aliyeuguliwa huulizwa hali ya mgonjwa, akajibu, na mazungumzo yakaishia hapo. Hoja yangu jioni hii ni kwamba historia ya maandishi ya wazazi wa watoto mahututi, ambayo siku hizi huingizwa katika kile kinachoitwa uandishi wa tiba, ni historia ya mtu huyu kutafuta nafasi ya kuwa kiima cha sentensi yake mwenyewe.

Nitaanzia mbali na pwani yetu, kwa sababu huko kuna ushahidi uliohifadhiwa vizuri. Mnamo Machi 1851 Charles Darwin alimpeleka binti yake Annie, mwenye umri wa miaka 10, katika mji wa Malvern nchini Uingereza, kwa tabibu James Gully aliyekuwa akitibu kwa maji. Darwin alirejea nyumbani, kisha akaitwa tena katikati ya Aprili, mtoto akiwa amezidiwa. Mkewe Emma alikuwa na mimba ya miezi ya mwisho, hivyo hakuweza kusafiri. Basi Darwin alimwandikia. Barua zake za kuanzia tarehe 17 hadi 23 Aprili zimejaa habari za kutapika na mapigo ya moyo, saa baada ya saa, kama daftari la mtaalamu wa viumbe, na ndivyo alivyokuwa. Hata hivyo, katikati ya taarifa hizo anamweleza Emma kwamba kumwandikia kunampa nafuu, kwa kuwa akiwa anaandika anaweza kulia kwa utulivu.

Annie alifariki tarehe 23. Juma moja baadaye, tarehe 30, baba aliandika kumbukumbu fupi ya tabia za mtoto, ili miaka ijayo sura yake isififie. Msomaji wa isimu hataacha kuona tofauti. Barua zina nafsi ya pili, ambaye ni Emma, na zinakwenda na wakati uliopo. Kumbukumbu haina anayeandikiwa. Hakuna tabibu aliyemwagiza Darwin kuandika chochote kati ya hivi viwili.

Badiliko kama hilo la nafsi, safari hii ndani ya kitabu kimoja, tunalikuta kwa Isabel Allende, mwandishi wa Chile. Desemba 1991 binti yake Paula aliugua porfiria akiwa Madrid, akapoteza fahamu. Mama alianza kuandika hospitalini, akimwandikia Paula ili atakapozinduka ajue alikotoka. Paula hakuzinduka, aliaga dunia Desemba 1992, na kitabu chenye jina lake kilitoka mwaka 1994. Katika sehemu ya pili ya kitabu mama anakiri kwamba haandiki tena kwa ajili ya msomaji huyo, na Paula anakuwa mtu wa kusimuliwa. Kwa Kiswahili tungesema kiambishi u- kimempisha a-. Sijui maombolezo mengi yenye uzito kuliko badiliko hilo dogo la kisarufi.

Wanasaikolojia waliingia katika habari hizi baadaye. Mwaka 1986 James Pennebaker na Sandra Beall wa Marekani walichapisha utafiti wa wanafunzi 46 walioandika kwa dakika 15 kila siku, siku 4 mfululizo. Walioandika juu ya msiba wao pamoja na hisia zao walihuzunika zaidi mara tu baada ya kuandika, lakini katika miezi iliyofuata walikwenda zahanati mara chache zaidi. Hawa hawakuwa wazazi waliokesha kando ya kitanda, na ni kosa kuyahamisha matokeo hayo bila tahadhari. Mapitio ya Joanne Frattaroli ya mwaka 2006, yaliyokusanya tafiti 146, yaliona kuwa faida ipo lakini ni ndogo. Kinachonivutia zaidi ni makala ya Campbell na Pennebaker ya mwaka 2003: afya iliyoimarika iliambatana na kubadilika kwa matumizi ya viwakilishi kutoka siku moja hadi nyingine. Walihesabu viwakilishi vya Kiingereza, ambavyo husimama peke yake. Kwetu nafsi imo ndani ya kitenzi, hivyo atakayerudia kazi hiyo kwa Kiswahili itambidi achambue mofimu kwanza. Vijana mnaotafuta mada za tasnifu, hiyo hapo.

Mtauliza, na Mwana Kupona je? Utendi wake wa mwaka 1858 ni maandishi ya ugonjwa, lakini mwelekeo ni kinyume: mama mgonjwa anamwandikia binti aliye mzima. Aliyeuguliwa hapo ni mtoto, naye hasemi.

Nina ushahidi mwingine, wa nyumbani. Mtoto wetu wa tatu alipolazwa kwa majuma saba, mke wangu alitunza daftari la shule. Saa nane, joto. Saa kumi, ametapika. Alfajiri, amekunywa. Daktari alilipenda sana, akawa akinakili vipimo kila asubuhi na kulirudisha. Mtoto alipona, na daftari likapotelea kabatini hadi miaka michache iliyopita nilipolisoma kwa jicho la kazi yangu. Lina kurasa 38 zilizoandikwa. Viambishi vya nafsi ya tatu nilichoka kuvihesabu. Nafsi ya kwanza imo mara moja tu, pembeni mwa ukurasa wa 22, kwa penseli: "Leo sikuweza kumshika." Daktari alikuwa amepiga mstari chini ya joto la saa nane la siku hiyo.